Raia Haitwi na Jeshi

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Vidole na chanuo mkononi, kichwa cha mteja kimesukwa upande mmoja tu, na mlangoni mwa saluni wamesimama watu watatu: polisi wawili na askari wa jeshi mwenye kofia nyekundu. Kofia Nyekundu ndiye aliyeuliza.

"Wewe ndiye msusi unayeitwa Mama Vidole?"

Alitaka kukana. Lakini jina lake liko juu ya mlango kwa rangi ya waridi, herufi kubwa kama sahani, na pembeni amechorwa mkono wenye vidole sita, maana mchoraji naye hakuwa hodari wa hesabu.

"Ndiye mimi."

"Mahakama ya kijeshi ilikuita, hukuja. Ikakuita tena, hukuja. Leo sikuletei wito. Hii ni hati ya kukukamata."

Mteja aliyekuwa kitini, mke wa mwenye duka la misumari na mabati, akageuza kichwa kilichosukwa nusu. "Kumkamata? Na mimi je? Nina kikao cha wazazi shuleni mchana huu."

"Mama, tafuta kilemba," polisi mmoja alimjibu.

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti, mambo yako hivi. Kapteni mmoja anashtakiwa kwa kumpiga koplo wa kike aliye chini yake, koplo aliyemkatalia tamaa zake, mpaka sikio la kushoto la binti wa watu halisikii tena. Siku ileile ya kipigo, koplo huyo aliketi kwenye kiti cha Mama Vidole kusukwa. Inavyojulikana, hakuna mtu mwingine nje ya geti la kambi aliyemwona siku hiyo. Sasa ubaya ni huu: Kapteni ni shemeji yake Mama Vidole, kaka mkubwa wa mumewe, tena kaka aliyemlea mumewe tangu baba yao alipofariki.

Na mumewe huyo ni dalali wa nyumba ambaye mtaa mzima unamwita Wakili. Hajakanyaga chuo cha sheria hata kwa kupotea njia, ila hakuna swali la sheria litakaloulizwa kinyozini akakosa la kusema. Wito wa kwanza ulipokuja, aliuchana.

"Raia haitwi na jeshi," alimwambia mkewe. "Wao wana sheria zao, sisi tuna zetu. Nyamaza tu, watachoka wenyewe."

Wito wa pili akafutia kioo cha saluni.

Haya, twende.

Ndani ya gari la polisi, Mama Vidole alimpigia mumewe simu. Ikaita, ikapokewa.

"Baba Chiriku, nimekamatwa."

"Nani mwenzangu?"

"Mkeo. Nimekamatwa kwa ule wito. Si wewe uliyesema ninyamaze?"

"Hapa mtandao mbaya, sikusikii."

Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Kofia Nyekundu, aliyekaa mbele, hakugeuka. "Aliyekwambia uwe kimya ni nani?"

"Mtu anayejua sheria."

"Kama anaijua, angekuwa kwenye gari hili badala yako."

Mama Vidole alitazama vidole vyake. Vilikuwa bado na mafuta ya kusukia.

Hawakumpeleka kambini. Walimpeleka kwenye mahakama ya kawaida, ile anayopelekwa mwizi wa kuku, na hapo ndipo alipogundua kwamba Wakili hakusema uongo mtupu. Mahakama ya kijeshi haikuwa na ruhusa ya kumfunga raia yenyewe. Ila ilikuwa na ruhusa ya kumkabidhi kwa hakimu wa kiraia, na hakimu amfunge kwa niaba yao. Wakili alimpa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo mzima, maana uongo mzima hunuka mapema.

Hakimu alikuwa mzee mwenye kikohozi na hasira za mtu aliyekosa usingizi. Upande wa pili alisimama Meja, mwendesha mashtaka wa jeshi, mwanamke mwembamba ambaye sare yake ilipigwa pasi hata ungedhani ikivuliwa itabaki imesimama.

"Mheshimiwa," alisema Meja, "shahidi huyu alipokea wito kwa mkono wake mara mbili. Hakuumwa, hakufiwa, hakusafiri. Alikuwa anasuka watu. Mahakama nzima ilikaa ikimsubiri, majaji watano na mshtakiwa, kesi ikaahirishwa mara mbili kwa ajili yake. Naomba afungwe."

"Una la kusema?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, niliambiwa raia haitwi na mahakama ya kijeshi."

"Na nani?"

Mama Vidole aligeuka. Kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwepo Wakili. Yule aliyekuwa kwenye mtandao mbaya. Kando yake alikaa mama yake mzazi, mikono juu ya mkoba, midomo imebanwa. Wakili alipoona macho ya mkewe yanamjia, alijiinamia akaanza kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

"Na mtu, mheshimiwa," Mama Vidole alisema.

"Mtu huyo ni wakili?"

Watu wawili watatu wa mtaani waliokuwa humo ndani wakaguna. Mama Vidole hakuwageukia.

"Anaitwa hivyo."

Hakimu alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena. "Nisikilize vizuri, sitarudia. Wito wa mahakama si kadi ya mwaliko kwamba ukipenda utakuja na usipopenda utatuma salamu. Uwe umetoka kwangu, uwe umetoka kwa wanajeshi, ukishaupokea umefungwa kamba. Usipokwenda bila sababu, sheria inasema faini, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ukienda ukakataa kula kiapo, ni vilevile. Ukila kiapo ukasema uongo, hapo hata mimi sitakuwa na uwezo wa kukusaidia, kwani hiyo ni miaka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Kutojua sheria hakukuokoi. Nakuhukumu kifungo cha miezi sita."

Mama Vidole alishika ukingo wa kizimba.

"Sijamaliza," hakimu alisema. "Kifungo hicho nakisimamisha kwa sharti. Leo mchana utapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Utakula kiapo, utajibu unachoulizwa, na utarudi kila siku watakayokuita mpaka wakuachilie. Ukitimiza hayo, uko huru. Ukikosa hata siku moja, hutaletwa hapa tena kunieleza habari za mtu na mtu. Utapelekwa gerezani moja kwa moja."

Meja alipita karibu naye akitoka. Hakupunguza mwendo. "Mimi sina shida na wewe," alisema bila kumtazama. "Lakini ukinichezea mchana, nitakuwa nayo."

Wakamweka kwenye chumba kidogo cha kusubiria chenye benchi moja na dirisha la nondo. Polisi akamwambia ana wageni. Waliingia wawili, mama mkwe mbele, Wakili nyuma yake kama mkia.

"Shikamoo, mama," Mama Vidole alisema.

Mama mkwe hakuitikia. Alikaa kwenye benchi, akapanga nguo yake magotini.

"Nimesikia miezi sita," alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini nikitoa ushahidi sifungwi."

"Miezi sita si mingi."

Mama Vidole alidhani hakusikia sawasawa. "Unasemaje, mama?"

"Nasema si mingi. Mimba inakaa tisa na hakuna aliyekufa kwa kusubiri. Utakataa kiapo, utaingia, utatoka. Mtoto tutakulelea, na saluni wifi yako ataifungua."

"Wifi hajui kusuka hata mkia wa punda."

"Atajifunza. Mwanangu akipatikana na hatia, anavuliwa cheo na kufungwa miaka kumi na mitano. Sasa wewe ungekuwa mimi ungechagua nini, miezi sita ya mtoto wa watu au miaka kumi na mitano ya mtoto wako?"

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. Mama Vidole alimgeukia mumewe.

"Baba Chiriku. Unasikia anachosema mama?"

Wakili alijikuna shingo. "Mama Chiriku, tusikilizane kwa akili, tusiendeshwe na moyo. Hiyo ni adhabu ndogo. Kwanza ukiwa na tabia njema wanakupunguzia theluthi. Unakaa miezi minne. Kifungu chenyewe nilikisoma, hakina makali..."

Akajiziba mdomo. Lakini neno likishatoka ni kama mate, huwezi kuyarudisha.

"Ulikisoma lini?" mkewe aliuliza.

"Kusoma nini?"

"Kifungu. Umesema ulikisoma. Ulikisoma lini?"

"Si hivi majuzi tu..."

"Kabla hujachana wito wa kwanza, au baada?"

Wakili alimtazama mama yake. Mama yake alitazama nondo za dirisha.

"Kabla," alisema Mama Vidole, akijijibu. "Ulijua nitafungwa. Wewe na mama mlikaa sebuleni mkapima, mimi upande huu, kaka yako upande ule, mkaona mimi ndiye mwepesi. Kisha ukaja chumbani ukaniambia raia haitwi na jeshi, nikakushukuru. Nakumbuka nilikushukuru. Nilikukaangia na mayai."

"Kaka amenilea," Wakili alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na ukali wa mtu aliyeumbuliwa. "Wewe nimekukuta ukubwani."

Mama Vidole alisimama, akagonga mlango kumwita polisi.

"Wageni wangu wamemaliza," alisema.

"Ukisema neno moja mle ndani," mama mkwe alisema akiinuka, "usirudi nyumbani kwangu."

"Nyumba ni ya kupanga, mama. Kodi nalipa mimi."

Kufika mchana walimvusha geti la kambi. Mahakama ya kijeshi ilikuwa ukumbi mrefu wenye sakafu iliyosuguliwa, meza yenye kitambaa cha kijani, na nyuma ya meza maofisa watano. Wa katikati, Kanali mwenye mvi na miwani, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hakuna aliyekohoa mle ndani. Hata feni ilizunguka kwa adabu.

Kapteni aliingizwa bila mkanda wala kofia, kama sheria yao ilivyo kwa mshtakiwa. Alimwona shemeji yake. Akatabasamu, tabasamu lilelile alilokuja nalo siku zote akigonga mlango akisema, shemeji, leo kumepikwa nini. Safari hii lilikuwa na meno mengi zaidi.

Koplo alikaa upande wa pili, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, kama mtu anayetega sikio moja kwa dunia nzima.

"Shahidi," Kanali alisema, "utakula kiapo?"

Benchi la familia lilikuwa nyuma yake. Hakuligeukia, lakini alihisi macho ya mama mkwe yakimchoma kisogoni. Alimfikiria binti yake Chiriku wa darasa la pili, anayeongea toka anapoamka hadi anapolala, na akafikiria miezi sita ya kutosikia maneno yale. Kisha akamtazama koplo akitega sikio lile moja.

"Nitakula," alisema.

Nyuma yake benchi liligonga ukuta. Mtu alikuwa ameinuka na kutoka kwa vishindo. Hakugeuka.

Meja alianza papo hapo.

"Unamfahamu mshtakiwa?"

"Ni shemeji yangu."

"Siku koplo alipokuja saluni kwako, uliona nini?"

"Alikuja amejifunga kitambaa. Nilipokifungua, juu ya sikio la kushoto palikuwa hapana nywele. Si kwamba zimekatika. Zimeng'olewa, na ngozi imetoka nazo. Damu ilikuwa haijakauka. Na sikio limevimba hivi." Akaonyesha kwa ngumi.

"Alikwambia nini?"

"Mwanzoni hakusema kitu. Kila nikimsemesha anauliza, umesemaje? Nikamwuliza unataka nikuwekee mafuta, akaniambia umesemaje. Mara tatu, mara nne. Nikamwona ana maringo, nikakasirika. Nikazunguka upande wa kulia nimwambie kama hataki kusukwa anyanyuke. Ndipo akanisikia. Ndipo nikajua upande ule hasikii. Nikamwuliza nani amekufanya hivi. Akasema, Kapteni wangu."

Luteni aliyemtetea Kapteni alisimama, kijana mwenye masharubu yaliyochongwa.

"Shahidi, wewe una ugomvi na familia ya mshtakiwa?"

"Ninao."

Luteni akafurahi. "Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi."

Mmoja wa maofisa watano aliziba mdomo kwa karatasi. Luteni akakaa.

Sasa, msomaji, kuna jambo ambalo Mama Vidole alikuwa hajalisema kwa polisi, kwa hakimu, wala kwa Meja. Hakulificha kwa ujanja. Hakuna aliyemwuliza, na yeye mwenyewe mpaka asubuhi ile alidhani ni jambo la wema. Lakini kule kwenye chumba cha nondo, mumewe aliposema kifungu nilikisoma, jambo lile liligeuka likawa na sura nyingine. Na Meja, kama mtu anayefagia chumba kabla ya kufunga mlango, akauliza swali la mwisho.

"Koplo alifikaje saluni kwako? Kutoka kambini hapa ni mbali, na kuna saluni njia nzima."

"Aliletwa."

Meja aliinua uso. Jibu hili hakulitarajia. "Na nani?"

"Na mume wangu."

"Eleza," alisema Kanali.

"Alimleta kwa gari la shemeji. Akaniambia huyu ni mteja wangu wa nyumba, msuke bure, zikaze vizuri zifunike hapa juu ya sikio, na usimuulize maswali, ana msiba. Nikamsuka. Nilipomaliza kidonda hakionekani. Jioni mume wangu akanisifu. Akasema vidole vyangu vinaweza kuficha hata kaburi."

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Kapteni lilianguka. Alimtazama shemeji yake jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

"Mume wako yuko humu?" Kanali aliuliza.

Wote wakageukia benchi la nyuma. Lilikuwa tupu. Hakuwepo Wakili, hakuwepo mama yake.

Kanali alivua miwani. "Uandikwe wito kwa mume wa shahidi, sasa hivi, apelekewe leo kwa mkono. Kesi hii tunaendelea kesho saa tatu asubuhi. Shahidi, utarudi uhojiwe zaidi na upande wa utetezi. Unayo habari ya kitakachokupata usiporudi?"

"Ninayo, mheshimiwa."

Kofia Nyekundu alimrudisha kwa gari la jeshi, wito mpya mfukoni. Uchochoro wa nyumba yao ulikuwa mwembamba, gari halikupita. "Tangulia," alisema, "nitafute pa kuegesha nije nimtafute huyo bwana."

Jua lilikuwa bado halijazama. Mama Vidole alikunja kona akaona vitu vyake nje: masanduku mawili, godoro la mtoto, na juu ya godoro draya ya zamani ya kukaushia nywele saluni, kichwa chini kama sufuria iliyotupwa. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda mlangoni. Wakili amesimama nyuma yake, funguo mpya zinaning'inia kidoleni.

Mama Vidole hakugusa kitu. "Chiriku yuko wapi?"

"Umekwenda kusema habari za gari," Wakili alisema. Alikuwa anatweta. "Nimepigiwa simu kutoka kambini. Umekwenda kunitaja mimi."

"Nimeulizwa, nimejibu. Mtoto yuko wapi?"

"Dada yangu amemchukua shuleni. Kesho asubuhi anapanda naye basi, na utakakompata usiniulize. Unataka kumwona, kuwa kituo cha mabasi saa tatu. Si mahakamani. Kituoni."

"Saa tatu nisipokuwa mahakamani nafungwa miezi sita."

"Ndiyo."

"Na nikienda mahakamani?"

"Utakuwa huru," mumewe alisema. "Huru kabisa. Huna mume, huna mtoto, unatembea unavyotaka. Chagua."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu. "Tulikuambia miezi sita si mingi. Ukajifanya jeuri."

Mama Vidole aliwatazama wote wawili. Miaka tisa alikuwa amewapikia, amewasukia, amewauguza. Alisogea hatua moja mpaka pua yake ikakaribia kifua cha mumewe.

"Kesho nitakwenda mahakamani," alisema. "Nikitoka huko nitamtafuta mwanangu. Nikimkuta ana hata mkwaruzo mmoja, utaomba kufungwa wewe, uombe wafunge na mlango kwa ndani."

"Nani atakusaidia kumtafuta? Jeshi?"

"Samahani," sauti ilisema nyuma yao.

Kofia Nyekundu alikuwa amesimama kwenye kona ya uchochoro. Haikujulikana amesimama hapo tangu neno lipi.

"Wewe ndiye unayeitwa Wakili?"

"Hilo ni jina la mtaani."

"La kitambulisho nalo limeandikwa hapa. Huu ni wito. Kesho saa tatu asubuhi, mahakama ya kijeshi, pamoja na mkeo. Pokea, utie sahihi."

Wakili alirudi nyuma, mkono mmoja juu. "Afande, ngoja kwanza. Mimi ni raia. Na raia haitwi..."

Akajisikia mwenyewe.

"Malizia," alisema Kofia Nyekundu.

Hakumalizia. Alichukua kalamu, akatia sahihi akiwa ameegemeza wito juu ya mgongo wa draya, na sahihi ikatoka mfano wa nywele zisizochanwa.

"Na hayo maneno ya basi na mtoto," Kofia Nyekundu alisema akikunja nakala yake, "kumzuia shahidi asifike mahakamani nako kuna kifungu chake. Wewe si msomaji? Kasome. Sasa mpigie dada yako. Mtoto aletwe hapa."

Wakili alitoa simu. Kabla hajabonyeza, ikaita yenyewe. Ilikuwa wifi. Kofia Nyekundu akamwonyesha kwa kidole aweke spika.

"Kaka," sauti ya wifi ilikuwa inalia. "Mtoto mko naye?"

"Tuko naye vipi? Si nimekutuma wewe?"

"Nilikwenda. Nilichelewa kidogo tu. Mwalimu akasema ameshachukuliwa. Nimezunguka mchana kutwa, nilikuwa naogopa kukupigia."

Mama Vidole aliipokonya ile simu. "Amechukuliwa na nani?"

"Wifi, mimi sijui. Mwalimu anasema ni mwanamke. Amevaa sare ya jeshi."

Mama Vidole alimgeukia Kofia Nyekundu. Yeye naye alikuwa ameduwaa. Koplo alikuwa ukumbini mchana wote. Meja alikuwa ukumbini mchana wote.

"Mwalimu alimpaje mtoto mtu asiyemjua?"

"Ndiyo hayo, wifi. Anasema si mara ya kwanza kuja pale. Anasema Chiriku alivyomwona tu alimkimbilia, akamrukia shingoni."

Simu ikakatika. Mama Vidole aliinua macho kumtazama mumewe. Wakili alikuwa amekaa chini kwenye godoro la mtoto, rangi imemtoka. Haikuwa sura ya mtu asiyejua. Ilikuwa sura ya mtu anayejua, na aliyekuwa anaomba siku zote asije kuulizwa.

"Baba Chiriku," alisema polepole. "Huyo mwanamke unamjua."

Wakili alimtazama mama yake.

Ni mama mkwe aliyeinuka kutoka kwenye kigoda chake. Kwa mara ya kwanza siku ile nzima, hasira yake haikumwelekea mkwe wake.

"Mwambie mkeo," alimwambia mwanawe. "Mwambie ni nani, tena mwambie upesi. Maana mimi huyo mwanamke nilikukataza tangu kabla mtoto huyu hajazaliwa."